Kabla Hujatazamwa Pua

Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa,
21 Septemba 1913

Mpendwa mdogo wangu Lutengano,

Ugonile? Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, usije ukaisahau kwa kuzoea salamu za bwana wako Mjerumani. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia udongo, na mikono imepasuka kama ya bibi yetu marehemu. Shemeji yako hajambo, anavua usipa na kulalamika kama kawaida yake. Binti yako Anyitike ameng'oka meno ya mbele na sasa anapiga mluzi hata kanisani.

Nawe u hali gani huko Daressalam? Unakula vizuri? Joto la pwani limekupungukia? Usiku unalala? Haya, nimekuuliza yote ambayo dada anapaswa kumwuliza ndugu yake. Upole wangu umeishia hapo, kwa hiyo kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa mtu wa misheni. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana ningeona haya. Umeandika kwamba bwana wako amekuambia uende kwa daktari wa pua, na kwamba unaogopa. Unataka nikueleze watakufanya nini kwa kuwa mimi nimeshatazamwa. Halafu, chini kabisa, kwa herufi ndogo, umeniagiza nimwambie baba adai ng'ombe wa mahari kwa wazazi wa Neli, kwa sababu mkeo amekuletea ukoma nyumbani. Nitaanza na pua, maana naona ndiyo unayoililia zaidi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo usile sana, na asubuhi usinuse ugoro. Utakalishwa kwenye kiti, na daktari atakaa mbele yako, magoti yake yakikaribia kugusa yako. Kwenye paji la uso amefunga kioo cha duara chenye tundu katikati, naye huchungulia kwenye tundu hilo. Sisi hapa tulikalishwa uani jua likiwa mgongoni, na kile kioo kikalirudisha jua puani mwetu. Huko kwenu nasikia wana taa. Kisha anachukua koleo ya chuma yenye mdomo kama wa bata, anautia puani ukiwa umefumba, halafu anaufumbua. Hapo utajua kwamba tundu la pua linaweza kupanuka kuliko ulivyofikiri.

Chuma chenyewe hakikati. Ni baridi, kinasukuma, na machozi yanatoka bila wewe kulia. Usione haya, hata jumbe yalimtoka. Umewahi kuvuka ziwa wakati wa kungu, wale wadudu wakikuingia puani mpaka kooni. Ndivyo inavyokuwa, ila kungu huyu ana mkono wa Mzungu nyuma yake. Baadaye daktari anatia kijiti cha waya, anakwangua ute kidogo, na kuupaka kwenye kipande cha kioo. Hapo kunauma kidogo na utapiga chafya. Geuza uso. Asajile, jirani yetu, hakugeuza, akapigwa kofi.

Lameck, mkalimani wa daktari, Mbondei aliyekaa sana mjini, ameniambia kwamba huko Daressalam mambo ni ya kiungwana. Wanakudondoshea kwanza dawa chungu, inashuka mpaka kooni, nawe utadhani umesahau kumeza. Ni ganzi tu, inapita. Kisha wanaingiza bomba jembamba kama tete la kunywea pombe, lenye kitaa kidogo mwishoni, na daktari anaona mpaka nyuma ya pua. Pumua kwa mdomo. Usimshike mkono. Usitikise kichwa. Tundu la kwanza, tundu la pili, umekwisha, unarudi kupiga pasi mashati ya bwana wako. Mtoto mdogo anaweza. Mkeo Neli ameweza, tena bila ganzi yoyote.

Sasa nikueleze habari za mkeo, kwa kuwa inaonekana umesimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua bado nyingi. Nilikuwa nimevuka na mtumbwi kupeleka vyungu nyumbani kwa baba, nibadilishe na mchele. Boma likatoa amri kwamba daktari anakuja kutazama pua za watu wa kijiji chote, kuwatafuta wakoma, na atatumia uwanja wa jumbe. Unajua tatizo letu mara moja, hata kama umevaa viatu siku hizi. Watu wote uwanja mmoja, na ndani yao wakwe na wakaza wana. Wazee wakakaa wakapanga vizuri: wanawake waanze, wamalize, waondoke kwa njia ya mtoni, ndipo wanaume waje kwa njia ya migombani. Jumbe akakubali. Hakuna aliyekumbuka kumwambia daktari, kwa sababu nani angedhani kuna mtu duniani asiyejua kwamba mke hamtazami baba wa mumewe?

Neli alikuwa karibu na mwisho wa mstari. Mimi nilishatazamwa, nilikuwa nimekaa pembeni napangusa pua. Akakaa kitini, akainua kidevu, daktari akatia ile koleo na kuifumbua. Wakati huohuo askari aliyechoka kungoja akawaswaga wanaume wote kutoka migombani kama mbuzi. Baba alikuwa wa mbele. Akakohoa, kile kikohozi chake kinachojulikana, ambacho miaka yote hukohoa akikaribia nyumba yako ili mkeo apate nafasi ya kujificha.

Lutengano, mkeo aliruka. Aliruka na chuma puani. Alivuta nguo akajifunika kichwa chote, akakimbilia migombani, damu inamtoka puani, na ile koleo ikaanguka kwenye tope. Kwetu sote alikuwa amefanya vyema. Niliwasikia wanawake nyuma yangu wakisema, "Huyo kafunzwa na mama yake." Na baba naye akafanya kama ipasavyo: akageuza mgongo ili asimwone, akatazama mlima.

Askari wakamkamata na kumrudisha. Baba alikuwa bado uwanjani, hivyo Neli hakukubali kufunua uso. Wakavuta nguo, naye akaivuta. Akajikunja chini kama chatu aliyepigwa. Daktari akauliza anaficha nini. Tukapiga kelele kwa Kinyakyusa, sote kwa pamoja, na Lameck hajui Kinyakyusa. Mimi nikamwendea, nikamweleza kwa Kiswahili kwamba anamkimbia mkwe wake, yule pale. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kumkimbia mkwe?" akasema. "Basi na mimi nitasema kodi ni mkwe wangu."

Sijui alimtafsiria daktari nini. Najua daktari alisema kwamba anayekimbia anajua kwa nini anakimbia, akaandika, akaitisha mwingine. Hakuitazama pua ya Neli hata kidogo. Alikuwa na hasira juu ya koleo yake iliyojaa tope.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingetosha. Baba alibeba mizigo ya Wajerumani mpaka Iringa, Kiswahili anakijua kuliko wewe. Angesema, "Bwana, ananikimbia mimi," ingekwisha. Hakusema. Mkaza mwana hatajwi mbele za watu, naye hakutaka kuwa wa kwanza kuvunja mwiko huo. Akaendelea kutazama mlima mpaka mkeo alipotiwa kwenye mtumbwi na kuvushwa mto, kwenda kijiji cha wakoma. Nilimchukia siku ile. Nakuandikia wazi, nilimchukia baba yangu mzazi.

Na pua ya baba je? Zamu yake ilipofika, daktari alichungulia akakuta ugoro mweusi umejaa pande zote. Akamfukuza akaoge pua ziwani, arudi. Baba akaenda, wala hakurudi. Jua likaingia mawinguni, daktari akafunga sanduku lake. Kwa hiyo siku hiyo aliyekuwa mzima alichukuliwa bila kutazamwa, na yule mwingine akaenda nyumbani bila kutazamwa.

Neli alikaa kule miezi yote ya kilimo na mavuno. Mpunga wako ulivunwa na mimi pamoja na binti yako, kama unataka kujua. Kule kuna watu wasio na vidole, na wasio na pua ya kutazamwa. Alipewa kibanda na bibi mmoja kipofu, akawa anamchotea maji. Nilikuwa nampelekea ndizi na samaki, naziacha kwenye kisiki kando ya mto, tunasalimiana kwa kupigiana kelele. Kila mara aliuliza swali lilelile: "Wifi, Lutengano ameandika?" Nami kila mara nilisema barua zinachelewa. Sasa umeandika. Hongera.

Mwezi wa saba daktari alikuja kuwatazama wakoma wenyewe. Lameck akamwita Neli, "Wewe mkimbiaji, njoo," naye akakaa, akainua kidevu, akatulia kama jiwe. Kule hakukuwa na mkwe wa kukohoa. Tundu la kwanza safi. Tundu la pili safi. Wakakwangua, wakautazama ute kwa ile mashine yao ya kukuza vitu, hakuna kitu. Wakamchoma sindano mikononi na miguuni waone kama ana ganzi, kila mahali akapiga yowe. Mkeo ni mzima, Lutengano. Pua yake ni safi kuliko roho yako.

Daktari alikasirika sana, ila hakujikasirikia mwenyewe. Akasema ataachiwa, lakini hawezi kurudishwa kwenye nyumba ambayo haijulikani. Watu wote wa nyumba yake watazamwe kwanza, walio karibu na walio mbali. Wakamwuliza mumewe yuko wapi, naye akawatajia mji na jina la bwana wako, kwa furaha, akidhani utaitwa uje umchukue.

Ndiyo maana umeitwa kwa daktari wa pua. Hukuitwa kwa sababu mkeo anaoza. Umeitwa kwa sababu mkeo ni safi, na serikali inaogopa asije akaambukizwa na ninyi. Isome tena sentensi hiyo, halafu utazame ile uliyoandika wewe kuhusu ng'ombe. Nyani haoni kundule.

Baada ya hapo wakamfuata baba. Aliposikia askari wanakuja aliingia kwenye kihenge cha mpunga akafunika kifuniko. Wakatafuta nyumba nzima, wakatafuta migombani, wakawa wanaondoka. Kisha kihenge kikapiga chafya. Vumbi la mpunga na ugoro, unajua mwenyewe. Askari walicheka, majirani walicheka, na mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona anavyotolewa, mzee mzima na mapumba kichwani.

Safari hii walimwosha pua wenyewe. Daktari akatia koleo, akachungulia, akachungulia tena. Halafu akamwita Lameck naye atazame. Kile kioo kilitia mwanga kwenye tundu la kulia, na mwanga ukatokea kwenye tundu la kushoto. Ukuta wa katikati umeliwa. Nilikuwa nimesimama pale, nikauona mwanga kwa macho yangu, mwekundu, kama taa ndani ya nyumba yenye ufa.

Ni ukoma, Lutengano, tena wa siku nyingi. Ile damu ya puani tuliyosema ni ugoro. Ile sauti ya kukwama tuliyosema ni ugoro. Nyusi zikapukutika tukasema ni uzee. Nadhani yeye mwenyewe alijua, maana alianza kunusa mara mbili zaidi tangu mama alipofariki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye kaumbuliwa na chafya.

Siku walipomvusha mto ndiyo siku waliyomwachia Neli, maana aliyebaki kutazamwa ni wewe tu, nawe uko mbali. Kule gati ni moja na njia ni moja, imebanwa na matete pande zote. Neli alikuwa anashuka na kifurushi chake, baba anapanda. Hakukuwa na pa kukimbilia. Mkeo akajitupa kifudifudi kwenye tope, uso wote ndani, mikono kichwani, mpaka baba alipompita. Baba alipita akikanyaga pembeni, taratibu, akitazama mlima. Askari wakacheka tena, ila Lameck hakucheka. Akainama akamwinua Neli, akamfuta tope kwa nguo yake mwenyewe, akaniambia, "Dada, siku ile sikujua." Nikamwambia hata sisi tulidhani anajua.

Sasa ujue nani anamlisha baba. Vidole vyake vimekufa ganzi. Juma la kwanza alishika chungu cha moto na hakujua kuwa anaungua mpaka aliposikia harufu. Mimi niko Ikombe, ng'ambo ya maji. Ndugu zake wote wamepata kazi nyingi ghafla. Neli ndiye anayepika. Anabeba chungu mpaka mtoni, anavuka, anakiweka kwenye kisiki kilekile nilichokuwa namwekea yeye. Halafu anakohoa. Ndiyo, siku hizi anayekohoa ni yeye. Anageuka, anaondoka, na baba anatoka kwenye matete kuchukua chakula. Hajawahi kumshukuru, kwa kuwa hawezi kuzungumza naye. Kesho yake Neli anakikuta chungu kimeoshwa na kufudikizwa. Juzi alikuta kibuyu cha ugoro juu yake, kimepasuliwa vipande viwili. Alikileta kwangu akilia, maana bila ugoro baba hana tena cha kujifichia.

Nilikwenda kumsomea baba barua yako, nikasimama nje ya uzio wa kijiji cha wakoma, nikamsomea yote pamoja na ile habari ya ng'ombe. Sikuruka neno. Nilitaka aumie, na nilitaka nimwone akiumia. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. Kisha akasema:

"Mwandikie mwanangu kwamba ng'ombe hao ndio wanaonipikia."

Basi, ndilo jibu la baba, na mimi sina la kuongeza.

Ila kuna jambo moja bado, mdogo wangu, nami nimeliacha mwisho, kwa sababu ukatili wangu wote wa leo ulikuwa wa kulichelewesha. Mama alipokufa ulikuwa unanyonya. Mimi nilikuwa nimeshaolewa huku, dada yako wa kufinyanga vyungu kama unavyopenda kunitania. Aliyekulea ni baba. Ulilala mkeka mmoja naye, shuka moja, pua yake shingoni mwako, mpaka ulipokua ukahamia kijiji cha vijana wenzako, kama desturi yetu. Alikutafunia ndizi. Neli hajawahi hata kupumua hewa moja na mzee yule. Mwiko uleule uliompeleka kwa wakoma ndio uliomkinga.

Kwa hiyo siku utakapoinua kidevu mbele ya yule daktari, na bomba likaingia, usimfikirie mkeo. Ufikirie ule mkeka. Nami huku nitakuwa nimepiga magoti, maana wewe ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, mpumbavu kama ulivyo.

Anyitike anakusalimu na anataka ushanga wa buluu. Shemeji yako anakusalimu. Asajile anakusalimu na anasema ugeuze uso ukitaka kupiga chafya. Kyala, Mungu wetu, akufunike kwa mkono wake, akulinde na homa za pwani, akupe pua safi, na akikunyima hiyo akupe moyo safi.

Neli hajui ulichoandika kuhusu ng'ombe. Nilimwambia umemsalimu, na ole wako unifanye mwongo. Alipojua kwamba nawe utatazamwa, alinipa maneno haya nikuandikie kama alivyoyasema: ukikutwa safi, njoo nyumbani, mpunga upo. Ukikutwa mgonjwa, njoo vilevile, usikimbie. Njia ya kwenda kule anaijua, kisiki anakijua, chungu anacho, na wewe si mkwe wake. Wewe atakuletea mpaka mkononi.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nilipokuchapa,

Tuntufye